Nilikuwa Shahidi wa Ndoa ya Baba Yangu

Kabla ya lami, mtu wa Kondoa akienda Dodoma mjini alikuwa anaaga. Ni kilomita 160 hivi tu, lakini kiangazi ulifika mwekundu kwa vumbi mpaka kope, na masika makorongo yakijaa mlikaa ng'ambo hii mkiitazama ng'ambo ile hadi maji yapungue. Madereva wazoefu walibeba sufuria na unga wao. Baba yangu alikuwa mmoja wao. Alikuwa na Fuso, akipeleka alizeti, uwele na mbaazi, akirudi na saruji, bati na kreti za soda. Akipiga simu kusema, "Leo nalala njiani," hakuna mtu nyumbani aliyeuliza njiani wapi.

Mimi nilijua ni wapi. Njiani ilikuwa Nkuhungu, Dodoma mjini, kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye mpapai uani. Nilijua kwa sababu siku ndoa ya nyumba ile ilipofungwa nilikuwepo, tena nilikuwepo kwa kazi maalumu. Nilikuwa shahidi.

Ilikuwa Januari 2009. Nilikuwa na miaka 18, nimemaliza kidato cha nne, nasubiri matokeo, na baba akaniambia niwe utingo wake nisikae bure. Nilifurahi. Utingo anakula hotelini, anaona miji, anarudi kijiweni na hadithi. Ijumaa moja, tukiwa tumeshusha mzigo karibu na soko la Majengo, akaniambia nikaoge nivae kanzu. Kanzu zetu mbili alikuwa amezibeba kwenye begi lake tangu nyumbani. Mama ndiye aliyezipiga pasi, akijua zinakwenda kwenye swala ya Ijumaa. Kuna mambo mengi makubwa katika kisa hiki, lakini hilo la pasi ndilo linalonirudia usiku.

Baada ya alasiri tulikuwa sebuleni kwa watu, wanaume watano: baba, shehe, kaka wa bibi harusi aliyekuwa walii, yaani msimamizi wa kumwozesha, dereva mmoja rafiki wa baba, na mimi. Mahari ilikuwa laki moja na nusu, taslimu. Shehe alisoma khutba fupi, walii akaozesha, baba akakubali, tukaletewa tende na juisi ya ukwaju. Nafikiri hata nusu saa haikuisha. Shehe aliuliza habari ya cheti, baba akamjibu kwamba atarudi wiki inayofuata kuandikisha. Hakurudi. Mwanamke mwenyewe nilikuwa namfahamu, maana alikuwa akiuza chakula pale malori yanaposhushia, Mnyaturu wa Singida, aliyeachika mapema, mwenye mkono mzuri wa maharage ya nazi. Mpaka asubuhi ya siku ile nilikuwa namwita dada. Jioni nikamwamkia, "Shikamoo mama mdogo," akacheka, akafunika uso kwa mtandio.

Sitadanganya kwamba niliumia. Nilijiona mwanamume. Baba yangu, katika watu wote aliowajua barabarani, alinichagua mimi.

Tulipokuwa tunarudi, karibu na Chemba, alisimamisha gari kana kwamba anaangalia tairi, akasema bila kunitazama: "Mama yako nitamwambia mwenyewe, wakati wake ukifika. Wewe usinitangulie." Basi. Hakuniapisha wala hakunitisha. Neno hilo moja, usinitangulie, lilinifunga mdomo kwa miaka kumi.

Nikiwasimulia watu, swali la kwanza huwa lile lile: kama dini inamruhusu na sheria inamruhusu, alikuwa anaficha nini? Na mimi nimelizungusha sana swali hilo. Ni kweli dini ilimruhusu, lakini dini hiyo hiyo inataka ndoa itangazwe, ndiyo maana kuna walima, karamu ya ndoa, hata kama ni wa mbuzi mmoja, ili watu wale na wajue nani amemuoa nani. Na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitambua ndoa ya wake wengi, lakini inataka itolewe taarifa siku 21 kabla, na inampa mke aliyepo haki ya kuweka pingamizi akiona kipato cha mume hakitoshi, yaani ndoa mpya itamtia yeye katika dhiki. Mambo hayo niliyajua baadaye sana, nikiwa kwenye benchi la mahakama na muda mwingi wa kuuliza. Nilipoyajua nikamwelewa baba vizuri zaidi. Hakuwa na hofu ya Mungu wala ya hakimu. Alikuwa na hofu ya mama na daftari lake.

Mama alikuwa na daftari la shule, la kurasa 96, aliloandika kila safari ya Fuso: mzigo, mafuta, ushuru, posho ya utingo, kilichobaki. Likijaa ananunua jingine, la zamani analifunga kwa kamba na kuliweka juu ya kabati. Kabla ya Januari ile hesabu zilikuwa zinakaa. Baada ya hapo zikaanza kuvuja. Safari haziwezi kulisha nyumba mbili na bado daftari likaonyesha nyumba moja, kwa hiyo ilibidi pawe na faini, pawe na pancha, pawe na spea. Mama alikuwa akimsikiliza baba, kisha ananigeukia mimi: "Ni kweli, mwanangu?" Nami naitikia. Nimetoboa matairi mengi ya Fuso ile kwa mdomo wangu.

Mwaka 2010 injini ikafa kweli. Fedha ya kuifunga upya haikuwepo, na mama akauza shamba lake la ekari tatu alilorithi kwa baba yake, kwa shilingi 1,800,000. Hakulalamika. Aliandika kwenye daftari, akapiga mstari chini, akampa baba fedha zikiwa kwenye kitambaa. Injini ikapona. Mzigo wa kwanza wa injini ile ulikuwa bati za nyumba ya Nkuhungu. Nilizipakia mimi, nilizishusha mimi, na jioni nilikula pilau la shukrani chini ya boriti mpya.

Mwaka huo huo akazaliwa binti, na mwaka 2013 wa kiume. Hapa ndipo mambo yalipokuwa magumu kwangu kwa namna ambayo sikuitarajia, kwa sababu niliwapenda. Wakisikia honi wanatoka mbio bila viatu. Yule binti alikuwa akiniuliza, "Kaka, Kondoa kuna nini?" Nilimwambia kuna milima na baridi. Nyumbani Kondoa wadogo zangu wengine watatu hawakujua kwamba wana ndugu ambao wanakunja pua kama wao wakicheka.

Baba alimhifadhi mama mdogo kwenye simu kwa jina la Fundi Betri. Naomba msamaha kwa kucheka, lakini siku moja mama alishika simu ile akasema, "Baba Fulani, hii betri yako inakufa kila Ijumaa?" Tulikuwa tunakula. Baba alisema betri za siku hizi ni feki. Dada yangu akaongeza kwamba hata za redio ni feki. Mazungumzo yakahamia kwenye redio, na mimi nikagundua kwamba nilikuwa sijatafuna tonge lililokuwa mdomoni.

Kuanzia 2015 presha ilimkamata baba, nikashika usukani. Sasa bahasha ya matumizi ya Nkuhungu nikawa naipeleka mimi, na mchele, na ada. Ukiniuliza ni lini niliacha kuwa mtoto aliyetumwa nikawa mshirika, nadhani ni hapo, maana baba hakuwa tena pembeni kuniangalia, na bado nilikwenda. Mwaka uliofuata Serikali ikatangaza kuhamia Dodoma na viwanja vikaanza kupanda bei mpaka watu wakawa wanapimana macho kwenye mipaka. Mdogo wangu wa kike akapata chuo Dodoma. Alitaka kupanga chumba Nkuhungu kwa sababu ni nafuu. Nilimkatalia, nikamwambia kuna vibaka. Mpaka leo anawaambia wenzake Nkuhungu kuna vibaka.

Halafu lami ikaja. Ilikuwa imekuja vipande vipande: Dodoma hadi Mayamaya, Mayamaya hadi Mela, Mela hadi Bonga, na mwaka 2018 barabara nzima mpaka Babati, kilomita 251, ikazinduliwa. Kondoa yote ilishangilia. Baba alikuwa mtu pekee niliyemwona akiihuzunikia lami. Mto haukuzuii tena, vumbi hakuna, abiria anaondoka na basi la alfajiri, anafanya shughuli zake Dodoma na jioni anakunywa chai kwake. "Nimelala njiani" likawa neno lisilo na mahali. Mama akaanza kusema naye atakwenda Dodoma kupima macho, "tena ni kwenda na kurudi tu." Kila akisema hivyo baba anatafuta kitu cha kurekebisha uani. Mwishowe, tukiwa wawili kwenye gari, aliniambia atamweleza baada ya Ramadhani. Mfungo wa 2019 ulianza Mei. Baba alifariki Aprili, kwa kiharusi, asubuhi, akiwa anafunga kamba za viatu.

Sasa nisimulie jambo ninaloona ndilo kosa langu hasa. Hayo mengine naweza kusema nilitumwa.

Msiba ulikuwa umejaa. Maiti inakwenda kuzikwa baada ya adhuhuri. Simu ya baba ilikuwa juu ya meza sebuleni, inatetemeka: Fundi Betri, Fundi Betri, Fundi Betri. Shangazi akasema, "Jamani mwambieni huyo fundi kwamba mwenzake hayupo tena." Nikaichukua nikatoka nayo nyuma ya choo. Mama mdogo alikuwa amesikia kutoka kwa madereva. Hakulia. Aliuliza neno moja: "Nije?"

Saa ilikuwa tatu. Kwa lami angefika kabla ya kuswaliwa. Angeweza kumwona uso, watoto wangeweza kumwona. Nikasema, "Usije, mama mdogo. Watu ni wengi." Akanyamaza kwa muda mrefu kiasi kwamba nilidhani simu imekatika. Kisha akasema, "Haya. Tutamsomea hapa hapa." Nikarudi kubeba jeneza.

Wajane wawili wakakaa eda, miezi minne na siku kumi, kila mmoja kwenye mji wake. Mama alikaa chumba cha ndani, wanawake wa mtaa wakipokezana, huyu na uji, huyu na mlenda, huyu na stori za kumtoa mawazo. Nkuhungu kulikuwa na mwanamke mmoja jirani, aliyekuwa anajua, na watoto wawili waliosimamishwa shule kwa sababu mama yao hatoki kwenda kuuza na ada haijalipwa. Kibanda chake cha chakula kilichukuliwa na mtu mwingine. Nilipeleka mchele mara mbili. Mara ya pili yule binti, miaka tisa, ndiye aliyenifungulia, akaniambia mama anasema asionane na wanaume, niweke hapo. Nikaweka hapo.

Baada ya arobaini baba mkubwa aliitisha kikao cha ukoo. Kwa kuwa nina mwandiko mzuri, nikafanywa mwandishi wa muhtasari. Niliandika kwa mkono wangu: marehemu ameacha mjane mmoja na watoto wanne. Wote wakasaini, nami nikasaini. Baba mkubwa akapendekezwa kuwa msimamizi wa mirathi. Tulikuwa tunakaribia kufunga dua pale mdogo wangu wa kiume alipotoka chumbani na begi la baba la safari, lile lililobeba kanzu, akiwa ametoa ndani yake karatasi ya mauziano yenye mhuri wa serikali ya mtaa: kiwanja, Nkuhungu, jina la baba.

Furaha iliyolipuka pale siwezi kuisahau. Kiwanja Dodoma! Baba mkubwa alivaa miwani akaisoma mara mbili. Akanigeukia mimi niliyekuwa naijua Dodoma: "Kuna nyumba?" Ipo. "Kuna mpangaji?" Nikasema yupo. Akasema Jumatatu atapanda basi akamwambie huyo mpangaji alipe kodi kwetu au atupishe.

Ilikuwa Jumamosi. Jumapili usiku niliingia chumbani kwa mama.

Nilifikiri atapiga kelele. Alisikiliza mpaka mwisho, ameketi kwenye mkeka, miguu ameinyoosha. Kisha akauliza maswali matatu, kwa utulivu, kama anavyouliza hesabu za safari.

"Tangu lini?"

"Elfu mbili na tisa, mama."

"Kabla ya shamba langu au baada?"

"Kabla."

Akatazama ukutani. "Nani walikuwa mashahidi?"

Nilimtaja yule dereva, ambaye alikuwa ameshakufa kwa ajali. Nikajitaja mimi.

Akasema, "Ile kanzu." Akasema tena, polepole, "Ile kanzu niliipiga pasi mimi." Akaniambia nizime taa nitoke.

Watu wanaposema siri ya mume inamuumiza mke, wanafikiria wivu. Labda kwa wengine ni hivyo. Mama hakuniuliza kama mwanamke yule ni mzuri, hakuniuliza umri wake wala kabila lake. Kilichomuuma ni kwamba alikuwa amehesabu miaka kumi kwa uaminifu, na sisi wanaume wawili tulikuwa tunampa namba za uongo. Alitoa yale madaftari juu ya kabati, akayapitia usiku ule na usiku uliofuata, akaweka alama ya mkasi kwa kalamu nyekundu kila palipoandikwa pancha. Niliziona baadaye. Alikuwa amezipata karibu zote.

Baba mkubwa hakwenda Dodoma ile Jumatatu. Kikao cha pili kilikuwa kibaya. Hoja yake ilikuwa nyepesi na yenye ncha: hakuna cheti, kwa hiyo hakuna ndoa, kwa hiyo wale ni watoto wa nje, na mtoto wa nje harithi kwa baba katika mirathi ya Kiislamu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba baba, kwa kuahirisha safari moja ya kwenda kuchukua cheti, alikuwa ameweka majina ya watoto wake mikononi mwa watu wasiowajua. Kutoandikishwa hakuifuti ndoa yenyewe, lakini kunamwacha mwanamke anatembea kutafuta midomo ya watu ili kuthibitisha kwamba hakuwa hawara. Shehe aliyefungisha alikuwa amehama, hatukumpata. Dereva amekufa. Walii alikuwa hai, akaja kutoka Singida. Na mimi.

Nilisimama mahakama ya mwanzo nikaapa. Hakimu aliniuliza umri wangu siku ile, akauliza kiasi cha mahari, nani alitangulia kutamka, tulikula nini. Nilisema tende na juisi ya ukwaju, na walii, aliyekuwa nje nilipokuwa nikieleza, alipoingia naye akasema tende na juisi ya ukwaju. Kisha hakimu akainua muhtasari wa kikao cha kwanza. "Huu mwandiko ni wako?" Ndiyo. "Uliandika mjane mmoja ukijua ni wawili?" Ndiyo. "Kwa nini?" Nikasema niliogopa. Aliandika. Sijui aliandika nini, lakini aliandika kwa muda.

Kwenye benchi la nje mama na mama mdogo walionana kwa mara ya kwanza. Mama mdogo alisimama akasema, "Shikamoo." Mama akasema, "Marahaba." Hayo ndiyo maneno yote waliyowahi kuambizana mpaka leo.

Ndoa ikakubaliwa, warithi wakawa wajane wawili na watoto sita. Kabla ya kugawa chochote madeni ya marehemu hulipwa kwanza, na hapo mama akatoa daftari la 2010: shamba, injini, 1,800,000, mstari chini. Baba mkubwa, ambaye si mtu mbaya, alilitambua kama deni na mama akalipwa. Mama mdogo naye alisema msingi wa nyumba ya Nkuhungu na tofali za mwanzo zilitokana na sufuria zake za maharage. Naamini ni kweli, kwa sababu nilimwona akihesabu noti za mafundi. Lakini hakuwa na daftari, wala risiti. Nani anayemwandikia mke wa siri risiti? Haikuhesabiwa.

Kilichobaki baada ya madeni, pamoja na Fuso iliyouzwa, kilikuwa kama shilingi milioni 72. Thumuni ya wajane ni milioni 9, ambayo badala ya kwenda kwa mama peke yake ikagawanywa mara mbili, milioni nne na nusu kila mmoja. Milioni 63 zikaenda kwa watoto, mafungu tisa, wa kiume mawili, wa kike moja: milioni 14 kwa mvulana, 7 kwa msichana. Tungekuwa wanne tu, mimi na mdogo wangu kila mmoja angepata 21. Mdogo wangu alifanya hesabu hiyo kwenye simu yake, akanionyesha kioo. "Hii milioni saba yangu umeila wewe," alisema. Nikamwambia yangu pia imekwenda. Akasema mimi nilikuwa nimekula pilau. Hatujasameheana vizuri. Nyumba ya Nkuhungu ilithaminiwa ikaangukia upande wa mama mdogo na wanawe, kwa kuwa mafungu yao matatu yalikaribia thamani yake, na kilichozidi alikilipa kidogo kidogo kwa miezi.

Tangu wakati huo vijana wawili wamenifuata, kila mmoja kwa wakati wake, kuniuliza kama wakubali kuwa mashahidi wa "ndoa ya kimya" ya rafiki. Niliwaambia waulize kwanza cheti kitachukuliwa lini na mke mkubwa ataambiwa lini, na wapewe tarehe. Mmoja alipouliza hakualikwa tena. Na dada zetu wanaokubali kuolewa sebuleni saa kumi jioni mbele ya watu watano, wajue kwamba wale watano watakufa, watahama, au wataogopa. Mimi niliogopa nikiwa na afya njema na akili timamu.

Mama ananiongelesha. Ananipikia nikienda. Lakini haniulizi tena, "Ni kweli, mwanangu?" Nikimwambia bei ya kitu, anampigia dada yangu amuulize.

Mwaka 2021, baada ya Iddi, mama mdogo aliniomba nimpeleke kaburini. Watoto walikuwa shule. Tulipanda basi la alfajiri, yeye dirishani, akisoma vibao vya barabarani kwa sauti ya chini kama mtu anayehakiki orodha: Mayamaya, Chemba. Miaka kumi alikuwa akisikia majina hayo kwenye simu, hajawahi kuyaona. Tulizunguka nyuma ya mji ili tusipite mbele ya nyumba ya mama. Hilo nililipanga mimi, na yeye alijua, hakusema.

Kaburi lilikuwa na magugu. Aliuliza kichwa kiko upande gani, nikamwonyesha. Alichuchumaa akang'oa magugu kwa mkono, moja moja, akayapanga pembeni, akasoma Yasini aliyoikariri. Alipomaliza alijifuta vumbi, akaniuliza, "Siku ile uliponikataza, ulikuwa unamwogopa nani? Yeye alikuwa ameshakufa."

Nilikuwa na jibu la hakimu, lakini kwake nilishindwa kulitoa. Hakunisubiri sana. Alichukua mkoba wake tukashuka stendi, tukapata basi la saa nane, na jua lilikuwa bado juu tulipofika Nkuhungu. Watoto walikuwa wametoka shule wanatungoja chini ya mpapai. Hatukulala njiani.